Maoni ya demo yakigongana: tafuta chumba, usihesabu kura

SWALI: Natengeneza peke yangu gemu ya 2D ya kuruka majukwaa na kufumbua mafumbo, kwa injini ya Unity. Demo, yaani kionjo cha gemu, ina vyumba 12 na huchukua kama nusu saa. Ndani ya wiki tatu nimepata maoni karibu 80. Wengine wanasema ni ngumu kupita kiasi, wengine wanasema ni ya watoto. Kuna wanaodai kitufe cha kuruka "hakisikii", ilhali kwangu kinafanya kazi vizuri. Mmoja ameniandikia kurasa mbili akitaka nibadilishe hadithi nzima. Zimebaki wiki sita niingie Steam Next Fest, tamasha la demo kwenye duka la gemu la Steam. Nirekebishe nini, nipuuze nini?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na kitufe cha kuruka, maana huenda nusu ya ugomvi wa "ngumu" na "ya watoto" umejificha humo.

Watu wakisema kitufe hakisikii na kwako kinasikia, usiwaone waongo. Waulize skrini zao ni za Hz ngapi, yaani hubadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Unity hupiga hatua za fizikia ndani ya FixedUpdate, mara 50 kwa sekunde usipobadilisha kitu, ilhali Update hufuata kasi ya fremu, yaani picha moja moja, za skrini. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kusoma GetButtonDown (amri inayouliza kama kitufe kimebonyezwa sasa hivi) ndani ya FixedUpdate. Jibu la "ndiyo, kimebonyezwa" hudumu fremu moja tu, na fremu hiyo ikipita bila hatua ya fizikia, mbonyezo umepotea. Kwenye skrini ya Hz 60, fremu 10 kati ya 60 hazina hatua ya fizikia, kwa hiyo unapoteza mbonyezo mmoja kati ya sita na unajilaumu kidole. Kwenye skrini ya Hz 144, fremu 94 kati ya 144 ziko tupu: karibu mibonyezo miwili kati ya mitatu haifiki. Huyo mchezaji hawezi kukuambia gemu ni rahisi. Mfumo mpya wa Input System nao una mtego huohuo ukisoma wasPressedThisFrame mahali pasipofaa.

Dawa ni kusoma kitufe ndani ya Update na kuhifadhi saa kilipobonyezwa. FixedUpdate iulize tu: je, kuna mbonyezo ndani ya sekunde 0.12 zilizopita? Ukiwepo na mhusika yuko chini, aruke, kisha ufute saa hiyo papo hapo, la sivyo ataruka mara mbili kwa mbonyezo mmoja. Hapo umepata na faida ya bure: aliyebonyeza kabla kidogo ya kutua ataruka akitua. Ongeza na upande wa pili, yaani mhusika aruhusiwe kuruka hata sekunde 0.08 hadi 0.1 baada ya mguu kutoka ukingoni. Hakuna mchezaji atakayeligundua hilo. Watakachosema ni kwamba vidhibiti "vimenyooka".

Kama mwendo wa mhusika unauhesabu mwenyewe ndani ya Update, kuna mashimo mawili zaidi. La kwanza ni msuguano wa aina ya kasi *= 0.9f kila fremu. Kasi hushuka hadi sehemu ya kumi baada ya fremu 22 hivi. Kwenye fremu 30 kwa sekunde hizo ni sekunde 0.73, kwenye fremu 60 ni 0.37, kwenye 144 ni 0.15. Mwenye kompyuta dhaifu anateleza kama aliyekanyaga sabuni, mwenye kompyuta kali anasimama kama aliyegonga ukuta, na wote wawili wanakuandikia kwa ukweli kabisa. Andika kasi *= Mathf.Pow(0.9f, Time.deltaTime * 60f).

La pili ni gumu kulishtukia kwa sababu hutokea hata ukizidisha kila kitu kwa deltaTime (muda wa fremu moja). Chukua kasi ya kuruka 12 na mvutano (graviti) 30. Kwenye karatasi mhusika anafika kimo cha 2.4. Ukipunguza kasi kwanza kisha ukamsogeza, kila fremu inakata kidogo, na jumla ya kilichokatwa ni nusu ya kasi ya mwanzo mara muda wa fremu moja. Kwenye fremu 60 anafika 2.3, kwenye fremu 30 anafika 2.2. Jukwaa ulilolipima kwa jicho ukaliweka kimo cha 2.25 linapandika kwako na halipandiki kwake. Ataandika "chumba cha tano hakiwezekani", utacheka, na atakuwa amesema kweli. Hamishia hesabu za mwendo kwenye hatua zisizobadilika za FixedUpdate, na picha uilainishe kwa interpolesheni, yaani kukadiria mahali pa mhusika kati ya hatua mbili.

Kupima hakuhitaji kununua skrini. Weka QualitySettings.vSyncCount kuwa 0 (bila hivyo kompyuta hupuuza mstari unaofuata), kisha Application.targetFrameRate iwe 30, halafu 60, halafu 144. Ruka mara 20 kila safari na uandike kimo cha juu na idadi ya mibonyezo iliyoitikiwa. Ni kazi ya saa moja. Wanaotumia Godot, injini nyingine, wana _physics_process, mara 60 kwa sekunde kwa kawaida. Majina ni mengine, kipimo ni kilekile.

Baada ya hapo ndipo uyasome upya yale maoni 80, na usiyasome kama kura. Fungua jedwali. Mstari mmoja uwe wa lalamiko moja, si wa mtu mmoja, kwa kuwa oni moja refu linaweza kuzaa mistari mitano. Safu ya kwanza iwe maneno yake mwenyewe bila kuyapamba. Kisha chumba, namba ya toleo, kifaa, na alikuwa anajaribu kufanya nini. Safu ya mwisho iwe aina: gemu imekwama au kuzima, hakuelewa, mikono haikuweza, ladha. Pongezi nazo ziandike na chumba chake, ili usije ukarekebisha kitu kilichokuwa kikipendwa.

Panga jedwali kwa chumba. Maoni yaliyokuwa yakipigana yataanza kukaa pamoja, kwa sababu aliyesema ngumu alikuwa chumba cha nne na aliyesema rahisi alimaliza vyote 12 ndipo akaandika. Wote wawili hawajapingana. Na pale ambapo watu watatu wameumia katika chumba kimoja, hata kama kila mmoja anadai dawa tofauti, mmoja akitaka ramani, mwingine mshale, mwingine kamera isogee nyuma, umepata tatizo moja: hawaoni pa kwenda. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini maiti haiulizwi namna ya kuchimba. Ukiletewa pendekezo, ligeuze liwe swali la "ulikuwa unakosa nini?" kabla ya kuandika msimbo hata mstari mmoja.

Neno "ngumu" lenyewe lina maana tatu, na kila moja ina tiba yake. Kuna asiyejua afanye nini. Huyo ukimpunguzia miiba hujamsaidia, maana miiba siyo iliyomzuia. Anahitaji kuonyeshwa: kitu kimoja kipya kwa chumba, mara ya kwanza mahali ambapo kukosea hakuui. Kuna anayejua lakini vidole vinashindwa. Hapo ndipo penye kupima upana wa mashimo, kasi ya adui na zile sekunde 0.1 za huruma. Wa tatu anajua na anaweza, ila adhabu ni nzito kuliko kosa. Huyu ndiye anayesahaulika. Kama mtego wenyewe ni wa sekunde tatu na kuurudia kunamlazimu atembee sekunde 40 kutoka alipohifadhiwa, hasira yake ni ya zile 40. Sogeza sehemu ya kufufukia hadi mlangoni mwa mtego, ufupishe na picha ya kifo iwe chini ya sekunde moja, na utashangaa "ugumu" unavyopungua bila kugusa adui hata mmoja.

Wanaosema "ya watoto" wasikilize kwa sikio moja. Watu wanaowinda demo za gemu ndogo ni wazoefu kuliko wanunuzi wako wengi, na wanaopenda aina hii ya gemu wameshamaliza kadhaa ngumu zaidi. Wape kitu cha kukimbiza pembeni, sarafu iliyowekwa mahali pabaya au saa ya kushindana nayo, lakini usiupandishe ugumu wa vyumba vitatu vya mwanzo kwa ajili yao.

Sasa, maoni 80 ni ya watu waliojisumbua kuandika. Aliyefunga demo dakika ya nne hakukuandikia, na yeye ndiye mwenye habari kubwa. Steam hukuonyesha muda wa kati waliocheza watu kwenye demo yako: nusu wamecheza zaidi ya huo, nusu chini yake. Kama ni dakika saba katika demo ya nusu saa, basi kila oni kuhusu adui mkubwa wa chumba cha 12 linatoka kwa wachache waliovumilia. Weka kipimo chako ndani ya gemu: tukio la kuanza, la kuingia chumba, la kufa pamoja na mahali alipofia, na la kutoka, kila moja na sekunde zake na namba ya nasibu isiyo na jina la mtu. Omba ruhusa kwanza kwa maandishi yanayosomeka, kwa sababu wachezaji wa Umoja wa Ulaya wanalindwa na GDPR, sheria ya taarifa binafsi, tangu 2018, na kwa sababu ni adabu.

Tuseme kati ya watu 100 waliobonyeza "Anza", 90 wanamaliza chumba cha kwanza, 86 cha pili, 83 cha tatu, 52 cha nne, 49 cha tano. Hata kama hakuna oni moja linalotaja chumba cha nne, kazi yako ya wiki hii ni chumba cha nne. Tazama vifo vimerundikana wapi. Vikiwa pamoja mahali pamoja, ni mtego. Kama hakuna vifo na watu wanaondoka tu baada ya dakika nyingi, wamepotea.

Namba zitakuambia wapi. Sababu utaiona kwa macho. Kaa nyuma ya mtu asiyewahi kuiona gemu, mwombe aseme kwa sauti anachofikiri, rekodi skrini kwa programu ya OBS Studio, na wewe funga mdomo. Ni vigumu kuliko inavyosikika. Akikwama, hesabu hadi dakika mbili kabla ya kusaidia, na ukimsaidia andika kwamba chumba hicho kimeshindwa. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya programu, alihesabu mwaka 2000 kuwa watu watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, kwa kukadiria kwamba kila mmoja hufichua asilimia 31. Usiishike namba hiyo kama amri. Cha muhimu ni kwamba huhitaji watu mia. Microsoft walipokuwa wakitengeneza mafunzo ya mwanzo ya gemu ya Age of Empires II hawakungoja hata kundi liishe: tatizo likishaonekana wazi na tiba inajulikana, lilirekebishwa kabla ya mchezaji anayefuata kukaa. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, njia hiyo inafaa sana.

Lakini mchezaji mpya ni mali inayoisha. Kila mtu huiona gemu yako kwa mara ya kwanza mara moja tu. Ukiwa na marafiki kumi, tumia watatu sasa, watatu baada ya marekebisho, na wanne waliobaki uwafiche hadi wiki ya mwisho.

Kuhusu fomu ya maoni, kama unayo, ifupishe. "Umeipenda?" huzaa heshima, haizai habari. Uliza aliacha wapi na kwa nini, alikuwa anajaribu kufanya nini muda huo, na angemweleza rafiki gemu hii kwa sentensi gani moja. Hili la mwisho linafichua kama watu wanaona gemu ileile unayodhani umeitengeneza. Weka kitufe cha fomu kwenye menyu ya kusimamisha, si mwishoni pekee, maana wanaokwama hawafiki mwishoni. Gemu ijaze yenyewe namba ya toleo, mfumo wa kompyuta, kadi ya picha, kasi ya fremu na chumba. Namba ya toleo ionekane pia kwenye kona ya menyu, ili hata picha ya skrini ikuambie ni toleo lipi. Kwa aliyezimikiwa, mwelekeze kwenye Player.log, faili la kumbukumbu za gemu, ambayo katika Windows iko ndani ya AppData\LocalLow, kwenye folda ya jina la studio kisha jina la gemu.

Maoni ya "haifunguki" au "imepoteza nilipofikia" yana kipaumbele kuliko yote, hata kama ni mawili tu. Kwenye Unity yana wahalifu wanaojulikana. Nchi nyingi, Ujerumani na Ufaransa zikiwemo, hutumia mkato badala ya nukta kwenye desimali; ukihifadhi 0.5 kwa ToString() bila kutaja utamaduni (kanuni za nchi za kuandika namba), kompyuta ya Mjerumani inaandika 0,5. Ukizitenganisha namba kwa mkato ndani ya faili, faili limeharibika. Na faili la data uliloliandika wewe kwa nukta, float.Parse (amri ya kusoma namba) kwenye kompyuta yake italisoma 0.5 kama 5, au ikatae kabisa. Tumia CultureInfo.InvariantCulture kila unapoandika au kusoma namba. Kituruki kina herufi i ya nukta na isiyo na nukta, kwa hiyo ToUpper() (amri ya kugeuza herufi kuwa kubwa) kwenye jina la kitu huzaa neno ambalo msimbo wako haulijui, tumia ToUpperInvariant(). Kibodi za Ufaransa zina ZQSD pale zilipo WASD zako: soma mahali pa kitufe, si herufi yake, na uruhusu mchezaji abadilishe vitufe. Jaribu pia kuendesha gemu kwenye akaunti ya Windows yenye jina la herufi zisizo za Kilatini.

Maandishi madogo hayahitaji mjadala. Steam Deck, mashine ya gemu ya mkononi, ina skrini ya pikseli 1280 kwa 800, na Valve, wenye Steam, hutaka herufi zisishuke chini ya pikseli 9 hapo. Hicho ni kima cha chini, 12 inasomeka. Milango yako ikitofautishwa kwa nyekundu na kijani, weka na alama: miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu mmoja kati ya 12 hazitofautishi vizuri rangi.

Yule wa kurasa mbili, mshukuru kwa sentensi mbili na usibishane naye. Mtu hatumii jioni nzima kuandikia gemu asiyoijali. Halafu pitia barua yake ukitafuta kitu kimoja tu: ni wapi alichanganyikiwa au alichoka. Akisema "dada wa mhusika asife", huenda ukweli ni kwamba kifo hicho kimetokea dakika ya tatu, kabla mchezaji hajamjua dada mwenyewe. Hilo linatibika kwa kuongeza mazungumzo manne kabla yake, au kukisogeza kifo nje ya demo. Yaliyobaki ni hadithi yake, na anayo haki ya kuiandika katika gemu yake.

Wiki sita zinatosha ukizigawa hivi, na Next Fest gemu huingia mara moja tu, kwa hiyo usiijaribie huko. Wiki ya kwanza ni ya kitufe, kasi ya fremu na hitilafu za kufungua. Ya pili na ya tatu ni za chumba kinachovuja zaidi, na kinachofuata ukipata nafasi, huku ukikaa na wachezaji wapya kati yake. Ya nne ni ya sehemu za kufufukia, maandishi na vitufe. Baada ya hapo usiongeze kitu kipya hata kikikuwasha; wiki mbili za mwisho ni za kupima na za kuiacha Valve ikague toleo kabla halijatoka. Oni lililoshughulikiwa lijibu kwa namba: "Imerekebishwa katika 0.4.2, chumba cha nne."

Na kabla hujapakia hiyo 0.4.2, weka namba ya toleo ndani ya faili la kuhifadhi. Ukihamisha sehemu za kufufukia, aliyehifadhi jana chumba cha nne anaweza kuamkia ndani ya ukuta. Gemu ikiona namba ya zamani, imrudishe mwanzo wa chumba alichokuwemo na imwambie kwa nini. Lijaribu hilo kwa faili halisi la toleo lililoko hewani sasa hivi. Linakili leo, kabla hujalifuta kwa bahati mbaya.